Mamumunye Yaliyorudishwa

Kwetu Vasby, Minnesota, hakuna anayefunga gari kwa ufunguo, isipokuwa mwezi wa Agosti. Na Agosti hatuogopi wezi. Tunaogopa majirani, maana mwezi huo kila bustani inazaa mamumunye kuliko familia inavyoweza kula, na ukiacha gari wazi ukaingia kanisani, ukitoka unakuta sita kwenye kiti cha nyuma na huna wa kumwuliza. Unayachukua. Unayapika, unayakwangua unayatia kwenye mkate, unayagandisha, ukishindwa unayapeleka kwenye gari la mtu mwingine. Lakini humrudishii mtu mamumunye yake. Katika miaka yangu sitini na moja nimeona ndugu wa tumbo moja wakishtakiana kwa shamba la baba yao, ila mtu kurudishiwa mamumunye nimeona mara moja tu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Aliyenirudishia ni LaVonne Ostby, nesi wa kiwanda chetu cha madirisha. Amestaafu juzi, na tayari watu wameanza kumsifu kwa maneno laini ambayo yeye mwenyewe angeyasikia angetoka nje. Kwa hiyo acheni nimweleze mimi, niliyemnunia.

Zahanati yake ilikuwa chumba kimoja kati ya karakana ya rangi na kantini, kwa hiyo uliugua huku unanusa vanishi na kahawa. LaVonne ni mrefu, anavaa viatu vya kiume, na mikono yake ni ya baridi Januari hata Julai. Alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa na hajawahi kulificha hilo. Siku moja Gaylen, ambaye benchi lake liko karibu na langu, alikatwa na kioo akawa analia wakati anashonwa. LaVonne hakuinua hata macho. "Ng'ombe wa baba yangu alishonwa nyuzi kumi na nne," akamwambia, "na alikuwa anakula majani."

Kwa miaka ishirini na miwili alitutibu bure. Koo, mafua, mgongo, shinikizo la damu, vidole vilivyopondwa na fremu, vyote bure, kiwanda kinalipa. Lakini sisi si watu wa kupokea tu. Mtu akitibiwa Jumatatu, Jumanne anapeleka kitu: soseji za kulungu, mayai, jemu. Na kulikuwa na taratibu yake. Unasema, "Chukua, Sista." Anasema, "Aa, hapana, wala usijisumbue." Unasema tena, anakataa tena. Unasema mara ya tatu, anapokea. Huko kwetu kila kitu ni hivyo, hata kikombe cha kahawa. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi, na anayekataa mara ya tatu, sijui, sikuwahi kumwona.

Sasa nije kwa mke wangu, kwa sababu habari yote hii ni ya masikio yake.

Avis ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu la Kilutheri tangu akiwa msichana. Pasaka moja, miaka miwili na ushee iliyopita, tuliimba wimbo wenye beti nne. Tukamaliza ya nne, tukakaa. Avis akaendelea. Alianza ubeti wa tano, ambao haupo, kwa moyo wake wote, mgongo umetugeukia. Tukatazamana. Mchungaji akatazama viatu vyake. Halafu mtu mmoja akasimama, na mwingine, na mwishowe kanisa zima likasimama tena likaimba ubeti wa kwanza upya, ili asijue. Hakuna aliyemwambia. Ndivyo tulivyo, na ninatupenda, lakini si kila siku huruma ya namna hiyo inamsaidia mtu.

LaVonne anaimba sauti ya chini kwenye kwaya. Baada ya ibada alinibana pembeni mwa meza ya kahawa.

"Verlyn, mkeo hasikii."

"Anasikia anachotaka kusikia," nikasema, nikicheka.

"Usinichekee. Amepiga ubeti usiokuwepo. Umesimama ukaimba kama wenzio, mnafiki wewe. Mpeleke kwa daktari wa masikio."

Nikampeleka. Daktari akasema masikio yote mawili, na dawa yake ni vile vifaa vidogo vya kuvaa, dola elfu sita na mia nne jozi. Bima yetu haikutoa hata senti kwa vitu hivyo. Njia nzima ya kurudi Avis alitazama mashamba ya mahindi. Tulipofika uani akasema, "Nitapiga mpaka Krismasi ya mwakani. Nikiwa bado siwasikii, nitampa kinanda msichana wa kina Lund." Alisema taratibu tu, kama mtu anayesema atabadilisha mapazia. Nilikaa kwenye gari peke yangu kwa muda baada ya yeye kuingia ndani.

Januari iliyofuata kiwanda kikabadilisha bima. Tukaitwa kantini, watu mia mbili, na Trista wa ofisi ya wafanyakazi akasimama mbele na picha zake ukutani. Aliyosema ni haya, nimekuja kuyaelewa baadaye: sasa kila familia italipa yenyewe dola elfu nne za kwanza za matibabu kwa mwaka, ndipo bima ianze. Badala yake tunafunguliwa akaunti ya akiba ya afya, mshahara unaingia humo kabla kodi haijaugusa, na ukiutumia kwa matibabu hautaguswa kamwe. Vifaa vya masikio vimo. Hilo nililisikia vizuri. Nikapiga hesabu kichwani palepale: nikiweka mia tano na hamsini kila mwezi, kabla ya Krismasi Avis anasikia.

Kisha Trista akaendelea kueleza mengine kuhusu zahanati, lakini wakati huo donati zilikuwa zimeanza kupitishwa, hatukusikia kitu. Mwishoni akauliza, "Kuna swali?" Kwetu hakuna mtu anayeuliza swali mkutanoni. Kuuliza ni kama kumwambia msemaji hakueleza vizuri. Tulitikisa vichwa watu mia mbili, tukasaini karatasi ambazo hatukusoma, tukarudi kazini tumeridhika.

Agosti koo likanishika. Nilikuwa nameza mate kama nameza misumari. LaVonne akanipitishia pamba kooni, akasubiri dakika zake, akasema ni bakteria, akaniandikia vidonge. Mimi nikatoa mfuko niliokuja nao, mamumunye manne, mateule, si yale makubwa kama magogo ambayo mtu anampa adui yake.

"Chukua, Sista."

"Hapana, Verlyn." Akanisogezea karatasi. "Hii ni dola sitini na mbili. Unaweza kulipa kwa kadi ya ile akaunti yako, au utoe mfukoni."

Nikadhani anatania. "Lini tena umeanza kutoza watu?"

"Tangu Januari. Hukuugua, ndiyo maana hujui. Wenye akaunti wanalipa, na wewe unayo. Kupima shinikizo la damu bure, chanjo bure, bandeji bure. Kutibu koo, sitini na mbili."

"Basi chukua mamumunye tuyamalize."

"Hapana."

"LaVonne! Chukua bwana."

"Nimesema hapana."

Mara ya tatu. Alikataa mara ya tatu, macho makavu. Nilisimama pale sijui niweke wapi mikono. Kisha nikafanya kitu cha kitoto: nikauacha mfuko juu ya meza yake, nikachukua karatasi, nikatoka.

Robo saa haikupita. Nilikuwa kwenye msumeno, nikaona watu wameacha kazi wanatazama. LaVonne alikuwa anakuja katikati ya ukumbi, miwani ya usalama usoni, mfuko wangu mkononi. Alipita mabenchi yote hadi langu, akaweka mamumunye juu ya mbao moja moja, manne, akageuka akaenda zake.

"Mungu wangu," Gaylen akasema. "Umemfanya nini? Umemtongoza?"

"Nyamaza, Gaylen."

"Miaka thelathini na minne niko hapa sijaona mamumunye yakirudi kwa miguu. Labda yana sumu, eh? Usinipe mimi."

Kufikia saa ya chakula kiwanda kizima kilijua. Mtu alichora mumunye kwenye kofia yangu. Nililipa zile sitini na mbili siku hiyohiyo, noti juu ya meza, bila salamu, na tangu siku hiyo sikumwambia LaVonne Ostby habari ya asubuhi kwa wiki tisa. Kwa mgeni hilo ni dogo. Kwetu mtu anaweza kukugonga gari akakwambia habari ya asubuhi; kumnyima mtu salamu hiyo ni vita kamili. Yeye kila asubuhi alisema, "Habari ya asubuhi, Verlyn," palepale, sauti ileile, na mimi nilipita kama bubu. Avis aliniambia nina akili ya mtoto wa chekechea. Nikajifanya mimi ndiye sisikii.

Novemba ni mwezi wa kuchagua bima ya mwaka unaofuata, kwa hiyo nilikwenda ofisini kwa Trista kusaini. Trista ana umri wa binti yangu na ananiita mzee, jambo ambalo sijamzoesha. Nikaona nitue na mzigo wangu.

"Na huyo nesi wenu," nikasema, "amekuwa mwizi uzeeni. Dola sitini na mbili kwa pamba moja! Mamumunye yangu kayatupa mbele za watu."

Trista akaweka kalamu chini. "Kumbe ni wewe mwenye mamumunye? Mzee Verlyn, keti."

"Niko sawa nimesimama."

"Keti bwana. Ile akaunti yako ina kiasi gani sasa?"

"Elfu tano na ushee. Desemba namchukulia mke wangu masikio."

"Sawa. Sasa sikiliza, safari hii bila donati. Sheria inasema mwenye akaunti hiyo asiwe na mahali pengine panapomtibu bure kabla hajamaliza zile elfu nne zake. Zahanati ya kiwandani ikitibu magonjwa bure, serikali inaihesabu kama bima nyingine. Mtu anakuwa hana haki ya kuweka hata dola moja humo. Na si lazima augue. Mlango tu kuwa wazi bure unatosha."

Nikakaa.

"Kuna kiwanda kimoja jimbo jirani," akaendelea, "walikuwa na nesi mwenye roho nzuri. Alikuwa anachana risiti. Anapokea mayai, anasema tumemalizana. Wakaguzi walipokuja, watu wote pale wakaambiwa watoe walichoweka mwaka huo, kikakatwa kodi na faini juu. Wote, mzee, hata wasiowahi kuingia zahanatini."

"Kwa ajili ya mayai?"

"Kwa ajili ya bure. Sista LaVonne alikuja hapa Februari. Aliniuliza, mtu akilipa kwa soseji je? Nikamwambia soseji si malipo, ni sawa na bure. Akarudi kesho yake: na akilipa pesa halafu akaleta soseji? Nikasema hiyo sheria haikatazi. Akafikiri, akasema hapana, nikipokea ya mmoja mwingine atasema ndiyo malipo yake, na mimi sitajua kumkatalia. Basi chumba changu hakipokei kitu tena. Aliondoka hapa macho mekundu. Mimi nilidhani ni mafua."

Nikauliza la kijinga. "Na sitini na mbili? Nani alipanga?"

"Lazima iwe bei ya haki, ile ambayo ungelipa kwingine. Tungeweza kuandika mia moja na arobaini, ndiyo bei ya hospitali. Yeye alipiga simu zahanati zote za kaunti tatu, muda wake wa chakula, wiki nzima, mpaka akapata moja inayotibu koo kwa sitini na mbili. Akaniletea kwa maandishi. Akasema, hii ndiyo ya chini kabisa iliyo halali, usiongeze hata senti." Trista akanitazama. "Tena aliniambia, kuna mtu kule kwenye misumeno anaweka za masikio ya mkewe, na huyo ndiye atakayenisumbua kuliko wote."

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Nilitoka ofisini mle nikijiona nina kwato. Wiki tisa mwanamke ananisalimu, na mimi napita, na kumbe kila siku ya hizo wiki alikuwa amesimama mlangoni kwa ajili ya Avis. Angepokea tu mamumunye yale ningempenda, na kiwanda kizima kingempenda, na siku moja mtu mwenye mkoba angekuja akachukua masikio ya mke wangu. Yeye alichagua kuchukiwa. Mimi nisingeweza, nakiri.

Vifaa vilikuja wiki ya tatu ya Desemba. Daktari akavibandika nyuma ya masikio ya Avis, akagusa kitu kwenye kompyuta, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kama anamsikia. Avis akaitikia kwa kichwa tu. Nililipa kwa kadi ya akaunti na ile pesa haikukatwa kitu. Tulikuwa barabarani tunarudi, nikawasha indiketa nikunje kushoto.

"Hicho kinachogonga ni nini?" akauliza.

"Nini?"

"Hicho. Tik, tik, tik."

"Ni indiketa, Avis."

Akasikiliza mpaka nilipokunja kona na ikazima yenyewe. "Imekuwa ikigonga hivyo siku zote?"

Nikasimamisha gari kando ya barabara, theluji inaanguka, nikalia kama Gaylen. Avis akaniwekea mkono shingoni, akaniambia kumbe napumua kwa kelele mno, miaka yote hakujua. Krismasi alipiga kinanda beti zote zilizopo na hakuongeza hata moja. Msichana wa kina Lund mpaka leo anaimba kwaya.

Kwetu mtu haombi radhi kwa mdomo. Anasukuma theluji. Majira yale yote ya baridi kila ilipoanguka nilikuwa uani kwa LaVonne na trekta langu kabla hajaamka, nikimfungulia njia ya gari. Asubuhi ya kwanza alitoka na gauni la kulalia na buti, akasimama kibarazani.

"Habari ya asubuhi, Verlyn!"

"Habari ya asubuhi, Sista!"

Basi, akarudi ndani. Nilifikiri yameisha, lakini hayakuisha moyoni mwangu. Theluji inalipa salamu. Haiwezi kulipa tik, tik, tik.

Kwa hiyo siku yake ya mwisho, Ijumaa ya Agosti hii, Avis alioka mkate wa mamumunye ya bustani yetu, na tukaingia zahanatini pamoja saa tisa na dakika ishirini alasiri. Zamu huisha tisa na nusu. LaVonne alikuwa anafunga maboksi, kitambulisho chake kikiwa bado shingoni. Nilikuwa nimejizoeza maneno tangu asubuhi, na yote yakanitoka kwa mkupuo.

"Nimekuja kusema asante. Na unisamehe. Ulikuwa unamlindia mke wangu masikio, nami nikakununia wiki tisa."

"Tisa?" LaVonne akasema. "Mimi nilihesabu kumi."

"Tisa."

"Kumi, Verlyn. Ulianza siku ya mamumunye." Akasogeza boksi kwa mguu. "Sikulala usiku ule, ukitaka kujua. Yalikuwa mamumunye mazuri."

Nikampa mkate. "Chukua, Sista."

"Hapana."

"Chukua bwana, unaondoka."

"Hapana, Verlyn. Chumba hiki hakipokei."

Nikashusha mikono. Nilijiona mpumbavu, mwanaume mzima na mkate wake. Mara Avis akainua kidole kimoja, kichwa amekiinamisha upande.

"Kengele," akasema.

Kengele ya zamu iko mwisho wa ukumbi wa misumeno, milango miwili mbali, na mimi baada ya miaka arobaini ya misumeno sikuwa nimesikia kitu. LaVonne naye hakuwa amesikia. Akatazama saa ya ukutani: tisa na nusu, zamu yake ya mwisho imekwisha. Akamtazama Avis, na uso ule ambao haukulainika kwa mtu yeyote ukalainika. Kisha akavua kitambulisho shingoni, akakilaza juu ya meza, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Haya," akaniambia. "Sema tena."

Nikasema mara ya tatu, "Chukua, Sista." Akaupokea kwa mikono miwili.